Nyanya za Mfereji

Dumu lilikaa katikati ya meza kama shemeji aliyenuna. Lilikuwa jeupe, la plastiki, na klorini iliyobaki chini yake ilitosha kumtoa machozi kila aliyelisogelea. Inspekta alikuwa amelizungusha weee asubuhi nzima. Hakuna lebo. Hakuna alama ya kidole. Kilichokuwapo ni mstari wa rangi ya buluu uliozunguka kitako chake pande tatu, kama pindo la gauni ambalo fundi kalitelekeza kabla ya kulimaliza.

"Hili ni lako?" aliuliza.

"Afande, juzi uliniuliza, jana ukaniuliza. Lingekuwa langu si ningeshachoka nikakubali?"

Kopla, aliyekuwa ameegemea mlango, alicheka kwa puani. Inspekta alimtazama, na kicheko kikarudi kilikotoka.

Mtuhumiwa walimwita Mapafu. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika, kwa sababu mtu huyu alikuwa akipiga mbizi na kukaa chini mpaka walioko juu wanaanza kugawana vitu vyake. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka watu kwa mashua kwenda kuangalia matumbawe. Sasa matumbawe yenyewe yalikuwa yamekufa, mwamba mzima, na mtu asiyejitaja alikuwa amewapigia polisi simu: Mapafu anamwaga klorini ili samaki walegee awaokote kama embe zilizoanguka. Tafuteni kwenye mashua yake. Wakatafuta, na chini ya benchi wakalikuta dumu.

"Watu wanasema uliwatilia samaki sumu."

"Samaki gani, Afande? Mimi nauza kuangalia. Wateja wangu wanalipia macho. Mimi kuua yale matumbawe ni sawa na kinyozi kukata vichwa vya wateja ili anyoe haraka."

"Una adui?"

"Adui sina. Nina mdomo."

"Ulikuponza wapi huo mdomo?"

Mapafu alijikuna kidevu. "Kwenye mkutano wa mtaa. Tulilalamika kwamba bahari inanuka. Meneja wa mtambo wa majitaka akaja na glasi ya maji safi, yanametameta. Akasema haya ndiyo tunayoyatoa baada ya kuyasafisha. Nikasimama nikamwambia hongera sana bosi, kunywa basi."

"Akanywa?"

"Alisema ana vidonda vya tumbo. Ukumbi ulicheka mpaka kiti kikavunjika."

"Na dumu likapatikana lini?"

"Wiki hiyohiyo."

Mlango ulisukumwa. Mkuu wa kituo aliingiza kichwa tu. Mwili ulibaki koridoni, ishara kwamba hakuja kujadiliana. "Inspekta, huyo bado hajafungwa? Gari la mahakama linaondoka alasiri. Ushahidi upo, mtu yupo. Unatafuta nini tena, picha ya harusi?"

"Natafuta aliyeua, mkuu."

"Aliyeua si huyo hapo!" Kichwa kikatoweka.

Mapafu alilitazama dumu, kisha akaitazama mikono yake. Kesi ya kutia sumu baharini ilikuwa na miaka mingi ndani yake, na kila aliyekuwa chumbani humo alijua. "Dada yangu ana mapacha wadogo na mume aliyekimbia," alisema. "Mimi ndiye nguzo ya nyumba ile. Mwambie tu asije kulia hapa kituoni. Akianza, hata nyinyi mtakimbia."

*

Mtaalamu wa matumbawe alikuwa mwanamke mrefu mwenye chumvi kwenye nyusi. Maabara yake ilinuka kama soko lililofungwa. Alisukuma sinia mbele ya Inspekta bila hata kusalimia.

"Nimekuletea maiti. Lile la kushoto nimeliua mwenyewe hapa ndani, kwa klorini ileile ya kwenye dumu lenu. La kulia limetoka mwambani."

Jiwe la kushoto lilikuwa jeupe pe, safi, kama mfupa uliochemshwa. La kulia lilikuwa limeota nywele: mwani wa kijani na kahawia, mrefu, unaoteleza, uliolifunika jiwe mpaka umbo lake halionekani. Inspekta aliugusa kwa kalamu. Ulikuwa umenenepa.

"Klorini inabagua?" aliuliza.

"Haibagui. Inaua kila inachokigusa."

"Basi ingeua na huu mwani."

"Ndiyo."

"Lakini huu umeshiba."

Mtaalamu akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Umeshiba vibaya sana. Matumbawe yamezoea maji yenye njaa. Ukiyamwagia nitrojeni na fosforasi, yaani mbolea, mwani unaota haraka kuliko yenyewe, unayafunika, unayanyima mwanga. Na yakidhoofika, magonjwa yanaingia. Ni kama kumwekea mtoto mchanga blanketi usoni."

"Mbolea hiyo inatoka shambani?"

"Wewe unaona shamba wapi? Nilipima kuanzia mdomo wa mfereji wa maji ya mvua kwenda ndani. Pale mdomoni mwani ni mnene kama zulia. Ukisogea unapungua, unapungua, mpaka unafika mahali matumbawe bado yana rangi. Ni kama ulimi umetolewa."

"Mvua hazijanyesha muda mrefu."

"Ndiyo maana na mimi silali."

Kopla, ambaye alikuwa amebana pua tangu aingie, aliiachia. "Kwa hiyo, Daktari, marehemu hakupewa sumu?"

"Marehemu alilishwa mpaka akafa."

Inspekta alifunga kalamu yake. "Yakiachwa yapone, yanarudi?"

"Kwa mwendo wa ukucha unavyoota. Na si kabla ya kuacha kulishwa."

*

Nyumba ya dada yake Mapafu ilikuwa saluni mbele, jikoni nyuma, na katikati ilikuwa bunge. Mama Pacha alisuka watu wawili kwa zamu huku mapacha wakigombania chanuo chini ya kiti. Habari zilifika pale kabla ya kufika kituoni, na Inspekta hakuwahi kuona aibu kuzifuata.

"Karibu mdogo wangu, sogea, sogea! Wewe nyanyuka hapo, umeshasukwa tangu asubuhi umekaa tu kunusa mambo ya watu. Afande akae." Mama Pacha hakuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokishika, lakini sauti yake ilitetemeka. "Kaka yangu amekula?"

"Amekula."

"Amelala?"

"Amelala. Anasema usije kulia kituoni."

"Ananijua, mpumbavu yule." Alivuta nywele, na mwenye kichwa akasema aii. "Vumilia, mama. Uzuri unauma."

Mwanamke mnene aliyekaa karibu na mlango alikuwa na beseni la nyanya mapajani. Alichagua moja nyekundu, akaifuta kwa kanga yake, akamnyooshea Inspekta. "Onja, Afande. Tamu kama tunda. Mimi ni mke wa mlinzi wa kule mtamboni."

Inspekta aliuma. Kweli ilikuwa tamu. "Mnalima wapi?"

"Tulime na nini? Hizi zimejiotea, mtoto wa watu. Mume wangu anazichuma nyuma ya ua wa mtambo, kwenye kingo za mfereji wa mvua. Hakuna aliyezipanda, hakuna anayezimwagilia. Kiangazi chote hiki zinazaa tu. Baraka!"

Taya la Inspekta lilisimama.

Baba yake alikuwa dereva wa gari la kunyonya vyoo. Kila mahali alipooshea mpira wa kunyonyea wa gari lile paliota nyanya, na mama yake alikuwa akimchapa mtoto yeyote aliyezisogelea. Alitema alichokuwa nacho mdomoni kwenye kitambaa, polepole, kwa heshima ya waliokuwapo.

"Mama," alisema, "mbegu ya nyanya haisagiki tumboni. Inaingia nzima, inatoka nzima. Ikitua penye maji na mbolea, inaota."

Chini ya kiti, chanuo liliwaponyoka mapacha.

"Unasema nini, Afande?"

"Nasema kwenye ule mfereji hayapiti maji ya mvua."

Beseni lilitua sakafuni kwa kishindo. Wawili walikimbilia uani. Aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele alijishika kifua: "Yarabi, mimi nimempikia mama mkwe jana!"

"Si ulisema humpendi?" mwingine akamjibu.

"Simpendi, lakini si kwa kiasi hicho!"

Vicheko vikalipuka, vile vya watu wenye kichefuchefu. Mama Pacha peke yake hakucheka. Alikuwa ameacha kusuka. "Afande. Yule Meneja alisimama mbele ya mtaa mzima na glasi."

"Najua."

"Wanetu wanaogelea pale."

"Najua, dada yangu." Inspekta alimgeukia mke wa mlinzi, ambaye alikuwa akijifuta ulimi kwa kanga. "Mtambo huwa unanguruma?"

"Zamani ulinguruma, hata kulala ilikuwa shida. Siku hizi kumetulia. Mume wangu anasema ndiyo maendeleo." Alikunja uso. "Sasa hivi kazi yao ni kupaka rangi tu. Kuna mgeni rasmi anakuja Ijumaa. Wiki iliyopita wamepaka kila kitu, mpaka mawe. Mume wangu karudi na suruali imejaa buluu, nimeifua mpaka vidole vimechubuka."

"Buluu?"

"Buluu hii ya shule."

Inspekta alikuwa ameshasimama.

*

Geti la mtambo lilikuwa buluu. Ngazi zilikuwa buluu, na vyuma vya kushikilia, na mabomba, na ndoo ya kuzimia moto. Mawe ya bustani yalipakwa nyeupe na buluu kwa zamu. Chini ya turubai kulikuwa na jukwaa dogo, meza yenye kitambaa, na kadi iliyoandikwa MGENI RASMI. Inspekta alisimama, akasikiliza. Nzi walisikika. Kopla alisikika akimeza mate. Kingine chochote, hapana.

Meneja alitoka na shati jeupe na tabasamu la kupokelea wakaguzi. Ile glasi ya maji safi ilikuwa dirishani kwake.

"Inspekta! Karibu mama, karibu. Nasikia mmemkamata yule mhalifu. Tunawashukuru. Bahari ni yetu sote."

"Nimekuja kuhusu klorini. Usalama wake. Isije ikawa mtu aliiba kwenu."

"Haiwezekani hata kidogo." Alipapasa mfuko na kutoa funguo, akazichezesha. "Stoo ina ufunguo mmoja, na ninao mimi. Wafanyakazi hata dirishani hawachungulii. Kwenye klorini sina mchezo."

"Hata mlinzi?"

"Mlinzi? Namkabidhi geti, basi. Huu ninalala nao."

"Kopla, umesikia?"

"Nimesikia, Afande. Analala nao."

Meneja alicheka nao, bila kujua anachekea nini. Inspekta alianza kutembea, na yeye akafuata akieleza: majitaka yanaingia hapa, yanachujwa pale, kisha yanafika kwenye matangi haya ambamo mashine zinapuliza hewa ili bakteria waule uchafu wote. Mashine zenyewe zilikuwa tatu, zimejipanga kwenye sakafu ya saruji, zinang'aa.

"Mbona kimya?"

"Ni za kisasa, mama. Hazipigi kelele."

"Zinafanya kazi sasa hivi?"

"Mchana na usiku. Hizi hazizimwi kamwe. Ukizima, bakteria wanakufa, mtambo unakufa. Ni sayansi."

Inspekta alichuchumaa mbele ya mashine ya kwanza. Shafti, chuma kinachozunguka, ilitoka kwenye mota, ikaingia kwenye beringi inayoishikilia. Ilipakwa buluu. Rangi ilipita juu ya shafti, ikapita juu ya beringi, ikaunganisha viwili hivyo kama ngozi juu ya kovu, bila ufa. Tone moja lilikuwa limechuruzika kutoka kwenye kifuniko mpaka kwenye belti na kukaukia papo hapo. Alikwenda kwenye ya pili. Hivyohivyo. Kwenye ya tatu buibui alikuwa ametanda wavu wake, na brashi ilikuwa imepaka mpaka wavu.

"Mlipaka lini?"

"Wiki iliyopita. Kwa ajili ya mgeni rasmi. Kazi safi, eh?"

"Safi sana. Sasa nieleze." Aliinuka, magoti yakalia. "Shafti isiyosimama mchana wala usiku, mliipakaje rangi?"

Meneja aliacha kuchezesha funguo.

"Na kama mliisimamisha kidogo mkapaka, ilipowashwa tena rangi hii ingepasuka hapa kwenye beringi. Haijapasuka. Gusa. Gusa, bwana, mashine ni zako."

Hakugusa. "Kuna... kuna matengenezo madogo."

"Kopla, fungua stoo. Muombe funguo zake, zile anazolala nazo."

Meneja alisita kuzitoa, na kule kusita kulikuwa kurefu kupita kiasi. Stooni kulikuwa na madumu meupe, yamepangwa safu moja kugusa ukuta. Sakafu nayo ilipakwa buluu, lakini mpakaji alikuwa mvivu: hakuondoa hata dumu moja, alizungushia brashi tu. Kopla alilivuta la kwanza. Chini yake palikuwa na kiraka cha saruji tupu, na kitakoni mwa dumu palikuwa na pindo la buluu, pande tatu. Upande wa nne ulikuwa umegusa ukuta.

Katikati ya safu palikuwa na kiraka cha saruji kisicho na dumu juu yake.

"Kalete lile letu kwenye gari," alisema Inspekta.

Dumu la mashua ya Mapafu lilikaa kwenye kiraka kile kama mguu kwenye kiatu chake. Hata tone lililovimba kwenye kona yake lilipata shimo lake sakafuni. Kopla alipiga picha, akapiga nyingine, kisha akapiga mluzi.

"Siku ya kupaka rangi lilikuwa hapa," alisema Inspekta. "Halafu likatoka. Stoo ina ufunguo mmoja."

Meneja alikaa juu ya dumu. Shati lilikuwa limeshamganda mgongoni. "Wewe hujui, mama. Beringi zilikufa zote. Nimeomba vipuri mpaka nimechoka. Wakubwa wananiambia vumilia, mgeni rasmi akija asione upungufu. Ningefanya nini? Mji unakula, mji unakunya, mimi niyaweke wapi?"

"Ungesema."

"Ningesema ningefukuzwa."

"Kwa hiyo ukamfunga mtu."

"Mtu mmoja, Inspekta." Aliinua mikono, akimsihi aelewe hesabu hiyo. "Mzamiaji tu. Angekaa ndani kidogo, watu wakasahau, vipuri vikaja."

Inspekta hakupaza sauti. Waliomfahamu walijua kwamba hapo ndipo pa kuogopa. "Ulisimama mbele ya wazazi na glasi. Uliwaona watoto wao wanaingia kwenye yale maji, na ukaenda kupaka rangi mawe. Mwamba ule ulikuwapo kabla ya babu wa babu yako, umeuzika kwa mavi, halafu umemtafutia maiti muuaji wa kubandika. Na unaniambia mtu mmoja!"

Nje, nyuma ya matangi, alikipata alichokuwa akikitafuta: usukani wa chuma juu ya lango la maji. Koki zote za mtambo ule zilikuwa zimegandishwa na rangi. Huu peke yake parafujo yake ilikuwa inang'aa, imepakwa grisi mpya. Chini yake mto mweusi ulipinda, ukalipita tangi, ukaingia kwenye mfereji wa mvua. Kingo zote mbili zilijaa nyanya, nyekundu, zimepeana mabega.

Alipiga simu kituoni. "Mkuu, simamisha gari la mahakama... Ndiyo, sasa hivi. Mtoeni Mapafu, mpeni viatu vyake. Chumba chake kifagiliwe, nakuja na mpangaji." Alisikiliza, uso haukubadilika. "Nitakuonyesha picha ya harusi, mkuu. Ninazo nyingi."

Kisha aliushika usukani. Kopla akashika upande wa pili.

"Usifunge!" Meneja alikuja mbio, pingu alizofungwa na Kopla zikigongana mikononi. "Ukifunga hapo yote yanaingia matangini! Mashine hazifanyi kazi! Yatajaa yamwagike humu uani, mpaka ofisini!"

"Mpaka Ijumaa yatakuwa yamefika wapi?"

Meneja alitazama jukwaa.

Waliuzungusha. Parafujo ilitii bila kelele, imezoea. Mto mweusi ulisita, ukavimba, ukageuka, ukaanza kuporomoka kwenye tangi tupu kwa mngurumo ambao mtaa ule ulikuwa haujausikia muda mrefu. Harufu ilipanda kama ukuta. Mfereji ukashuka, ukabaki tope na nyanya.

Inspekta aliingia ofisini, akatoka na glasi. Alimwaga maji safi juu ya jiwe la buluu. Alichuchumaa kwenye tope la mfereji, akaijaza glasi, akaibeba kwa vidole viwili mpaka jukwaani, akaiweka juu ya kitambaa, kando ya kadi.

Kopla alitoa mfuko wa plastiki. "Nikifunge kama kielelezo, Afande?"

"Vielelezo tunavyo vya kutosha," alisema, akimsukuma Meneja kuelekea garini. "Hicho ni cha mgeni rasmi."